Bukavu: Gitari mpya ikibadilika mvua ikianza, haijaharibika

Kisa hiki kinajulikana katika korali nyingi za Bukavu. Gitari mpya inaingia kanisani mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Vijana walichanga feza tangu Pasaka, franka kwa franka, na wazee wakaongeza kilichopungua. Jumapili ya kwanza inalia vizuri, nyuzi ni laini chini ya vidole, na kila mtu anaomba kuishika.

Mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa inanyesha karibu kila siku, gitari ile ile imekuwa ngumu. Nyuzi zimepanda juu ya shingo. Mpigaji anabonyeza kwa nguvu mpaka vidole vinachubuka, na akisogeza mkono kuelekea tumbo la gitari, sauti haikubaliani tena na piano. Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema muuzaji aliwaibia. Mwingine anasema fundi aliyeitengeneza hajui kazi. Mwishowe gitari inawekwa nyuma ya madhabahu, pamoja na viti vilivyovunjika, na korali inaanza kuchanga upya.

Mara nyingi gitari hiyo haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa inafanya kile ambacho kila gitari mpya ya mbao inafanya, iwe imetoka kiwanda kikubwa cha Marekani, cha China, au kwenye karakana ndogo ya Kadutu: ilikuwa inatafuta namna yake ya kukaa. Kilichokosekana ni mtu wa kuirekebisha kwa wakati unaofaa, na makubaliano kati ya mnunuzi na fundi kwamba kazi haiishi siku ya kulipa.

Jambo hili si dogo kwa mji wa sasa. Tangu AFC/M23 ilipochukua Bukavu mwezi wa pili 2025, mabenki yalifunga milango na feza za mkononi zikawa ngumu kupatikana. Jamaa au korali iliyofaulu kununua gitari katika hali hiyo haiwezi kununua nyingine kila mwaka.

Mbao iliyokatwa bado inakunywa maji

Mti ukikatwa, mbao yake haiachi kupokea na kutoa maji. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mbao inakunywa na kupanuka. Hewa ikikauka, mbao inatoa maji na kupungua. Rangi na vanishi vinapunguza mwendo huo, lakini havitauzuia.

Viwanda vingi vya gitari vinaweka unyevu wa hewa ndani ya karakana karibu asilimia 45 mpaka 50, usiku na mchana. Katika hewa ya namna hiyo, mbao inabaki na maji ya karibu asilimia 9 ya uzito wake. Mbao ile ile ikikaa siku nyingi katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, maji yake yanafika karibu asilimia 16. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini gitari inaisikia.

Ubao wa mbele wa gitari, ule wenye tundu, una unene wa karibu milimita 3 tu, na upana wake unafika sentimita 40 hivi. Maji yakiongezeka ndani yake kwa asilimia 4 tu, ubao wa upana huo unatafuta kupanuka kwa milimita 2 na zaidi. Lakini hauna nafasi ya kupanuka, kwa sababu umebandikwa kola pande zote, na ndani yake kuna vijiti vinavyoushikilia. Kwa hiyo unafanya kitu kimoja tu kinachowezekana: unavimba kuelekea juu. Daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi, kinapanda pamoja nao, na nyuzi zinaondoka mbali na shingo.

Wakati wa kiangazi mambo yanageuka. Ubao unakauka, unashuka, na nyuzi zinakaribia shingo mno. Ndipo gitari inaanza kulia vibaya, uzi ukigonga vyuma vidogo vya shingo ambavyo wapigaji wanaviita freti. Shingo nayo inapungua upana, na mtu akipitisha mkono pembeni anasikia ncha za freti zikimkwaruza. Chuma hakikurefuka. Mbao ndiyo imepungua.

Bukavu iko kando ya ziwa Kivu, ambalo uso wake uko kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari. Mvua inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane ni kiangazi, vumbi la barabara linapanda mpaka ndani ya nyumba. Gitari iliyofika mjini wakati wa kiangazi haijaonja bado miezi tisa ya mvua. Na ile iliyonunuliwa wakati wa mvua haijaonja vumbi la mwezi wa saba.

Safari nazo zinahesabika. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira anashuka zaidi ya mita 600, kutoka baridi ya milima mpaka joto la bonde la Ruzizi na ziwa Tanganyika. Gitari iliyokuwa sawa asubuhi inaweza kukosa sauti yake jioni, na ikikaa huko majuma kadhaa, hata urefu wa nyuzi unabadilika.

Kilo 70 zinazovuta mchana na usiku

Sababu ya pili ni uzito. Nyuzi sita za chuma za kawaida, zikikazwa kwa sauti yake, zinavuta gitari kwa nguvu ya karibu kilo 70 mpaka 75. Mfuko mmoja wa simenti una kilo 50. Ni sawa na kufunga mfuko na nusu kwenye kisanduku cha mbao cha milimita 3, kisha kuuacha ukining'inia miaka na miaka. Nyuzi za nailoni zinavuta kidogo zaidi ya nusu ya nguvu hiyo, na ndiyo maana haifai kuweka nyuzi za chuma kwenye gitari iliyojengwa kwa nailoni. Daraja linaweza kung'oka.

Siku gitari inapowekwa nyuzi kwa mara ya kwanza, shingo inaanza kupinda kidogo kuelekea mbele, na ubao unaanza kuinuka nyuma ya daraja. Mwendo huo ni mkubwa zaidi katika miezi ya kwanza. Baadaye unapungua, mbao ikiisha kuzoea mzigo wake. Fundi mwenye ujuzi anajua hilo mapema, na anaacha nafasi kidogo ya kurekebisha. Lakini hawezi kujua kwa hakika kila kipande cha mbao kitasogea kiasi gani. Mti mmoja haufanani na mwingine, hata kama yote miwili ni libuyu kutoka pori moja.

Nyuzi zenyewe pia ni mpya. Siku tatu au nne za kwanza zinarefuka, na mizunguko yake kwenye funguo inajibana. Mwanafunzi anakaza gitari, anapiga wimbo mmoja, na sauti inashuka tena. Wengi wanadhani funguo ni mbovu. Dawa ni kuvuta kila uzi taratibu kwa mkono, kuukaza tena, na kurudia mara kadhaa. Baada ya siku chache unatulia.

Namna ya kupima kwa vitu vya nyumbani

Si lazima kuwa na vyombo vya gharama kubwa ili kujua gitari iko wapi. Kadi ya benki ya kawaida ina unene wa milimita 0.76. Karatasi moja ya fotokopi ina karibu milimita 0.1. Vitu hivyo viwili vinatosha kwa kuanza.

Kwanza, gitari ikazwe kwa sauti yake ya kawaida. Simu nyingi zina programu ya kukaza gitari, nyingine zikiwa bila malipo. Kupima gitari iliyolegea hakufundishi kitu.

Kisha mtu aangalie shingo. Abonyeze uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya 14 kwa mkono mwingine. Uzi uliokazwa ni rula iliyonyooka. Katikati, karibu na freti ya 7, inapaswa kubaki nafasi ndogo kati ya uzi na chuma, karibu milimita 0.2, yaani karatasi mbili za fotokopi. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, shingo imepinda mbele. Kama hakuna nafasi hata kidogo, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda nyuma, na nyuzi zitagonga freti.

Hatua inayofuata ni urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12, bila kubonyeza kitu. Kwa gitari ya nyuzi za chuma, chini ya uzi mnene kunafaa kuwa nafasi ya karibu milimita 2.4, na chini ya uzi mwembamba milimita 1.6 mpaka 1.8. Kadi tatu za benki zikipangwa pamoja zinakaribia kipimo cha kwanza, na kadi mbili zinakaribia cha pili. Anayepiga kwa nguvu sana anaweza kuacha zaidi kidogo. Lakini kama kadi tano zinapita chini ya uzi mnene, mtoto anayejifunza atateseka bure. Gitari ya nailoni inahitaji nafasi kubwa zaidi, karibu milimita 4 upande wa nyuzi nene na 3 upande wa nyembamba.

Mwisho ni kifupa cha juu, kile chenye mifereji sita karibu na funguo. Mtu abonyeze uzi kwenye freti ya 3 na kuangalia freti ya kwanza. Uzi unapaswa kuwa karibu kugusa chuma, ukiacha nafasi ya unywele tu. Ikionekana nafasi kubwa, mfereji haukuchimbwa vya kutosha. Hiyo ndiyo sababu akodi za mwanzo, zile zinazofundishwa kwanza, zinakuwa ngumu kuliko zote kwenye gitari nyingi za bei ndogo.

Kazi ya fundi, hatua kwa hatua

Kurekebisha kuna mpangilio wake, na anayeuruka anaharibu. Shingo inatangulia. Kifupa cha juu kinafuata, na kile cha chini kwenye daraja kinakuja mwisho.

Ndani ya shingo ya gitari nyingi za kiwanda kuna fito ya chuma. Wazo hilo lilitoka katika kampuni ya Gibson huko Marekani, ambako Thaddeus McHugh alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1923. Fito hiyo inakazwa au kulegezwa kwa kle ya pembe sita, kupitia tundu la tumbo au kwenye kichwa cha gitari. Ikikazwa, inarudisha nyuma shingo iliyopindwa na nyuzi. Fundi anazungusha robo tu, anakaza nyuzi tena, anapima, na kungoja. Anayelazimisha mzunguko mzima kwa mara moja anaweza kuikata fito ndani ya mbao, na hapo bei ya kutengeneza inapita bei ya gitari.

Shingo ikiisha kuwa sawa, mifereji ya kifupa cha juu inachimbwa kidogo kidogo. Kuchimba ni rahisi, kurudisha ni kazi. Mfereji uliozidi kina unafanya uzi wa wazi ulie vibaya kila mara.

Kifupa cha chini kinasuguliwa upande wa chini, juu ya msasa uliowekwa kwenye kioo au kigae kilicholala sawa. Kuna hesabu moja ambayo watu wengi wanaikosea. Freti ya 12 iko katikati ya uzi. Kwa hiyo, ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale, lazima uondoe milimita 2 kwenye kifupa. Aliyeondoa milimita 1 atapata nusu tu ya alichotafuta. Fundi mwangalifu hatupi kifupa cha zamani. Anakiweka, au anatengeneza viwili: kimoja kirefu kidogo cha kiangazi, wakati ubao umeshuka, na kingine kifupi cha miezi ya mvua. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, kuondolewa mafuta na kukaushwa unafaa kabisa kwa kazi hiyo, na haukosekani Bukavu.

Baada ya hapo inabaki kusikiliza. Uzi unapobonyezwa kwenye freti ya 12 unapaswa kutoa sauti ile ile ya uzi wa wazi, lakini ya juu. Nyuzi zikiwa juu mno, kidole kinauvuta uzi kabla haujagusa chuma, na sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Ndiyo sababu gitari ya korali inakosana na piano kadiri mkono unavyosogea kuelekea tumbo. Mara nyingi, kushusha nyuzi kunatosha kuponya ugonjwa huo.

Ya kiwanda na ya seremala

Gitari za bei ndogo zinazouzwa mjini, nyingi zikiwa zimetengenezwa China, mara nyingi zina ubao wa mbele wa tabaka zilizobandikwa pamoja. Ubao huo hausogei sana kwa mvua na kiangazi. Tatizo lake ni lingine. Kiwanda kinaacha nyuzi juu makusudi, ili gitari isigonge freti popote itakapofika, kikitegemea duka la mwisho limalize kazi. Lakini anayeuza gitari kando ya redio na simu si fundi wa gitari. Kwa hiyo gitari inaingia nyumbani ikiwa haijamalizika, na hakuna aliyemwambia mnunuzi.

Gitari ya seremala wa hapa ina hadithi tofauti. Mbao zinazofika Bukavu kutoka Bunyakiri, Walikale, Mwenga na Shabunda ni nzuri na imara, lakini mara nyingi zinafika zingali na maji ndani. Kanuni ya zamani ya maseremala inasema mbao ikaushwe kivulini mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Kwa meza au kitanda, seremala anaweza kupunguza siku na kazi ikasimama. Kwa gitari haiwezekani. Shingo iliyochongwa kwenye mbao mbichi itakauka ikiwa tayari imefungwa nyuzi, na itajipinda inavyotaka. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema wahenga, lakini mbao ya gitari iachwe ikauke kwanza.

Tena, gitari nyingi za mkono hazina fito ya chuma ndani ya shingo. Fundi anaweza kusaidia kwa kufanya shingo iwe nene zaidi, kuchagua kipande chenye nyuzinyuzi zilizonyooka, na kubandika juu yake ubao mgumu wa kuwekea freti. Lakini ikipinda, hakuna cha kukaza. Kunabaki kifupa cha chini, freti zenyewe, na, kwa kazi kubwa zaidi, kuing'oa shingo na kuirudisha kwa pembe nyingine.

Hayo si aibu ya Kivu peke yake. Miaka ya 1950, kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilikuwa ikiuza gitari za bei ndogo za jina la Gallotone, zilizotengenezwa Durban. Ndani ya aina moja, Gallotone Champion, kulibandikwa karatasi ya kuahidi kwamba haitapasuka. Kiwanda kinaahidi kitu kwa sababu wateja wanakiogopa, na wateja wa gitari za wakati ule walijua mbao inavyopasuka. Gitari ya aina hiyo ndiyo John Lennon wa Uingereza alikuwa nayo mwaka 1957, akiwa kijana, kabla ya dunia kumjua.

Jina la Gallotone lilikuwa pia kwenye sahani za muziki. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Mtindo huo wa Katanga, ambao mpaka leo unafundishwa kwa vijana wa Kongo na wa ng'ambo, unachezwa kwa kiasi kikubwa kwenye freti za mwanzo. Kijana anayejaribu kuucheza kwenye gitari yenye kifupa cha juu kisichochimbwa hatasikia alichosikia kwenye sahani, hata akijifunza miaka kumi.

Kinshasa kuna mfano wa ufundi wa mkono unaojulikana mpaka nje ya nchi. Jean-Luther Misoko, ambaye wengi wanamwita Socklo, amekuwa akijenga gitari kwa miaka mingi, na wanamuziki wa mji mkuu wamezitumia. Mfano wake unaonyesha kwamba gitari ya Kikongo inaweza kuishi kazini. Inachohitaji ni fundi anayepatikana wakati nyuzi zinapanda.

Makubaliano kabla ya feza

Hapo ndipo ugomvi mwingi ungeepukika. Mnunuzi anadhani amenunua kitu kilichomalizika, kama sahani au kiti. Fundi anajua gitari itarudi, lakini anaogopa kusema, asije akaonekana hana imani na kazi yake. Mvua inapoanza, kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Fundi anapoteza jina lake katika mtaa mzima kwa ajili ya milimita mbili, na kijana wa korali anaacha gitari akiamini kwamba hana kipaji.

Mapatano mafupi, hata kwenye karatasi ya daftari, yanatosha. Gitari irudi mara ya kwanza baada ya majuma mawili au matatu, nyuzi zikiisha kutulia. Irudi mara ya pili baada ya mvua kushika vizuri, kama mwezi wa kumi na moja. Irudi mara ya tatu katikati ya kiangazi kinachofuata. Bei ya marudio hayo ihesabiwe ndani ya bei ya kwanza, au isemwe wazi mapema. Baada ya mwaka huo, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha kwa gitari nyingi.

Karatasi hiyo itaje pia kile ambacho si kutulia kwa kawaida. Ufa kwenye ubao, daraja linaloachana na tumbo kiasi cha karatasi kupita chini yake, shingo iliyojisokota kama kamba, au kijiti cha ndani kilichoachia kola: hayo ni majeraha. Nyuzi zilegezwe siku ile ile, na gitari ipelekwe kwa fundi. Kuikaza na kuendelea kupiga kunalifanya jeraha dogo kuwa kubwa. Na kama yametokea ndani ya mwaka wa kwanza bila gitari kuanguka wala kupata joto kali, mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali juu ya mbao na kola.

Ulinzi wa nyumbani

Gitari isitundikwe kwenye ukuta wa matofali unaotoa unyevu wakati wa mvua. Isikae karibu na mbabula, wala juu ya kabati chini ya bati, ambako mchana kunawaka na usiku kunapoa. Isiachwe ndani ya gari lililosimama juani: kola nyeupe ya maseremala inalainika kwa joto, na viungo vinaanza kuteleza.

Mfuko au sanduku lake ni nyumba nzuri kuliko ukuta. Vifuko vidogo vya kukausha vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu na redio vikiwekwa pamoja nayo wakati wa mvua vinasaidia kidogo, kama vinabadilishwa. Wakati wa kiangazi viondolewe, visije vikaikausha kupita kiasi. Nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, kwa sababu jasho linaleta kutu. Na si lazima kulegeza nyuzi kila usiku. Gitari ya nyuzi za chuma imejengwa kubeba mzigo huo, na kuukaza na kuulegeza kila siku kunaisumbua bila faida.

Wapigaji wengi wanasema pia kwamba sauti ya gitari mpya inafunguka kadiri inavyopigwa, mwaka baada ya mwaka. Wachunguzi waliojaribu kupima jambo hilo hawajapatana. Kilicho hakika ni kwamba gitari iliyorekebishwa vizuri inapigwa kila siku, na mpigaji wake anaendelea mbele.

Kwa ile gitari iliyo nyuma ya madhabahu, basi, kabla ya kikapu cha michango kuzungushwa tena, mtu mmoja aitoe, aikaze, na kupitisha kadi tatu za benki chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12. Kadi tano zikipita, inahitaji fundi, kle ya pembe sita na kipande cha msasa. Kazi hiyo mara nyingi inaisha kabla ya mazoezi ya jioni.